Nionjee Chumvi

Siku ya nne baada ya dripu
ulimi wangu ni sarafu ya zamani,
kila kitu kina ladha ya kufuli.
Basi namwita Mwantumu kutoka uani:
nionjee chumvi.
Anakuja na kijiko chake mwenyewe,
anafumba macho kama mkaguzi wa serikali,
anakawia makusudi, ndipo ahukumu:
"Bado, mama. Bado kidogo."
Namwamini. Kisamvu cha nyumba hii
sasa kinapikwa kwa ulimi wa miaka minane.

Juu ya mtungi kuna kalenda
ya duka la saruji na mabati.
Jumatano nimeizungushia wino mwekundu:
Dar, dawa.
Chini yake, mwandiko wa Kidege:
gesi. upatu. sare yangu imepasuka.
Maradhi haya hayakupewa ukurasa wao,
yanabanana na twisheni
na arubaini ya jirani wa Barabara ya Kumi na Tatu.

Nikirudi, Segera nimelala,
Muheza naamshwa na wauza machungwa.
Harufu tu inanipindua tumbo.
Nanunua ya elfu mbili, nayaweka mbali, miguuni.
Nani aliyewahi kutoka safari mikono mitupu
akapokewa?

Mhina anaziba pancha mchana,
jioni anafua. Anaanika sketi za shule
kwenye fremu za baiskeli zisizo na wenyewe,
na mapovu yamemkaukia viwikoni.
Ngamiani nzima inanong'ona: kalishwa limbwata.
Limbwata gani, jamani,
nami hata mchuzi siuonji?

Na mimi nashona. Januari haimsubiri mgonjwa.
Vidole vimekufa ganzi,
sindano ikinipita sina habari,
napiga soga na mteja,
mpaka nione tone kwenye kola nyeupe
ya mtoto wa watu.
Maji baridi, chumvi, nasugua.
Hospitali wananitafuta mshipa nusu saa,
hapa damu inajileta yenyewe.

Usiku wa tano niliushika ukuta wa bafuni
kama abiria.
Kidege akagonga.
"Mama, daftari la hesabu limeisha."
Ngoja.
"Mwalimu kasema kesho."
Ngoja, nimesema!
"Mama, mia tano tu."
Nilirusha kandambili, ikagonga mlango,
na kule nje pakawa kimya
kibaya kuliko kutapika.
Sikumwomba radhi. Sijui kwa nini.
Nilitoka, nikakaa naye kizingitini,
nikammenyea chungwa, pumzi nimeibana,
ganda moja refu lisilokatika,
vile anavyopenda.
Alikula yote. Kokwa akazipanga sakafuni,
akahesabu: kumi na moja.
Daftari tukalinunua asubuhi.

Shule ilipokaribia kufunguliwa
Mwantumu akanyolewa, kama sheria inavyotaka.
Akaja akasimama nami kwenye kioo cha kabati,
kipara kwa kipara,
akanivua mtandio bila kuuliza.
"Na wewe wamekuandikisha darasa la ngapi?"
Mhina, mlangoni, alicheka mpaka akatoka nje
akakaa huko muda mrefu.
La tatu, nilimwambia. Bado matatu nimalize.
Akahesabu kwa vidole, akaona ni sawa.

Leo siku ya kumi na sita.
Nimelamba mwiko kwa mazoea tu,
na chumvi ikanijia,
chumvi yenyewe, na tui nyuma yake,
na uchungu wa jani kwa mbali.
Nimesimama na mwiko mkononi, moshi machoni.
Kisamvu kimekolea. Hakitaki kitu.
Namwita hata hivyo:
Mwantumu! Nionjee chumvi!
Anakuja na kijiko chake, anafumba macho, anakawia.
"Bado kidogo, mama."
Naongeza.
Tunakula. Mhina anamaliza maji kikombe cha pili,
ananitazama,
anajimiminia cha tatu.